Metchnikoff, Mtu Aliyetafuta Kufa Akafundisha Kuishi

Mgeni afikapo Sericho, mashariki ya kaunti ya Isiolo, baada ya kutikiswa na njia ya vumbi ipitayo Garba Tulla, hakaribishwi kwa maneno matupu. Jua la huko ni kali na nchi ni tambarare, na Mto Ewaso Nyiro, ambao wenyeji huuita Waso, hujikokota kwenda kufia katika kinamasi cha Lorian. Maji yaweza kuwa haba, lakini maziwa yakiwako mgeni hayakosi. Huletewa kikombe cha maziwa ya ngamia yaliyolala, machachu, yenye harufu ya moshi, na huangaliwa usoni mpaka ayamalize.

Sisi watu wa pwani twajua kufukiza. Nyumba zetu twazifukiza udi, na nguo zetu vilevile. Akina mama wa Kiborana na wa Kisomali nao hufukiza, ila wao hufukiza vyombo vya maziwa. Huchukua kijinga cha mti waujuao wenyewe, wakakitia katika kibuyu na kukifunika, moshi ukaingia kila pembe. Kisha hutia maziwa mabichi, wakayaacha siku moja au mbili katika joto la nchi ile mpaka yachachuke yenyewe. Wasomali huyaita suusac. Anayeyanywa mara ya kwanza hukunja uso. Mara ya tatu huomba aongezewe.

Mzee mmoja wa pale alinieleza kwamba maziwa hayo hutuliza tumbo, na kwamba mtoto alelewaye kwayo hashikwi ovyo na maradhi. Mimi niliyekaa chuoni nikiwa mdogo nilikumbuka jinsi walimu wetu walivyokuwa wakituonya kuwa tumbo ndiyo nyumba ya maradhi, na jinsi walivyotusomesha habari za maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu. Lakini nilimkumbuka pia bwana mmoja wa mbali sana, ambaye hakuijua Sericho wala pwani, wala hakuwa mtu wa dini, naye alijisumbua na jambo lile lile la mzee yule ndani ya maabara ya Paris, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Élie Metchnikoff. Leo, msomaji, nataka nikusimulie maisha yake, kwani ndani yake mna faida kwa kila anayemnywesha mtoto maziwa.

KIJANA MWENYE HARAKA

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv, nchi ambayo leo ni Ukraine na siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Kwa Kirusi jina lake ni Ilya Ilyich Mechnikov. Hilo la Élie Metchnikoff ni la Kifaransa, alilojulikana nalo baada ya kuhamia Paris. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la walinzi wa mfalme, na mama yake, Emilia, alitokana na ukoo wa Kiyahudi. Katika watoto watano yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Tangu utotoni alipenda kukusanya mimea na wadudu. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kharkiv aliyamaliza masomo ya miaka 4 kwa miaka 2 tu, akatoka mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 19. Kisha alikwenda Ujerumani na Italia, akawa anachunguza wanyama wadogo wadogo wa baharini kwa hadubini. Mwaka 1870, kabla hajatimiza miaka 26, alikuwa profesa wa elimu ya wanyama katika mji wa Odessa, ulio kando ya Bahari Nyeusi. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, mwenye macho dhaifu na moyo usiotulia.

Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovitch. Bibi arusi huyo alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, naye alidhoofika hata ikabidi abebwe kitini kupelekwa kanisani siku ya harusi yake. Metchnikoff alihangaika naye miaka minne, akimtafutia nchi za joto, akifundisha na kutafsiri vitabu usiku ili apate fedha za matibabu. Haikufaa kitu. Ludmila alifariki mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira cha Wareno.

Mume alichanganyikiwa. Akiwa njiani kurudi kwao alikunywa dawa ya kasumba kwa wingi, akitaka kufa. Lakini dawa ilizidi kipimo, akaitapika, akapona. Husimuliwa kwamba usiku mmoja wa siku hizo, akiwa bado na huzuni yake, aliona vidudu vyenye mbawa vikizunguka taa mjini Geneva, akaanza kujiuliza vidudu vinavyoishi saa chache namna ile vinapata wapi nafasi ya kupambana na dunia. Akili ya mtaalamu iliamka, na kifo kikasahauliwa kwa muda.

Alioa tena mwaka 1875. Mke huyu wa pili, Olga, alikuwa msichana wa jirani na mwanafunzi, naye ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho na kuandika habari za maisha yake. Mwaka 1880 Olga alishikwa na homa ya matumbo nusura afe. Alipona, lakini mumewe alikuwa amechoka mwili na roho. Mwaka 1881 alijidunga sindano ya damu ya mgonjwa wa homa ya kurudiarudia, iliyo ndugu ya homa yetu ya papasi. Alitaka kujua kama homa hiyo huambukizwa kwa damu. Na ikiwa atakufa, basi afe kwa jambo lenye faida. Alilazwa akawa mahututi. Alipoinuka kitandani, walisema waliomjua, alikuwa amepata hamu mpya ya kuishi.

Nayaeleza haya kwa makusudi. Mtu huyu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa kuhubiri maisha marefu ni yule yule aliyejaribu kuyakata yake mara mbili. Hakuhubiri uhai kwa kuwa uhai ulikuwa rahisi kwake.

MWIBA NDANI YA KITI CHA PWEZA

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi aliuawa, na vyuo vikuu vikaingiwa na fujo za siasa. Metchnikoff alijiuzulu mwaka 1882, akahamia na aila yake Messina, katika kisiwa cha Sicily, mahali penye bahari tele. Huko ndiko mambo yalikobadilika.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka huo. Watu wa nyumbani walikwenda kuwatazama nyani wa sarakasi. Yeye alibaki peke yake na hadubini yake, akitazama vitoto vya kiti cha pweza, mnyama yule wa baharini mwenye mikono mitano ambaye watoto wetu wa pwani humwokota maji yakipwa. Vitoto vyake ni vidogo sana na mwili wao huonyesha ndani kama kioo. Metchnikoff aliona chembe zikitembea ndani ya miili hiyo, akawaza: je, hizi si walinzi? Je, adui akiingia hazitamkimbilia?

Alitoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akavichoma navyo vitoto vile. Usiku huo usingizi haukumjia. Alfajiri alipochungulia aliona chembe zimeuzunguka mwiba pande zote, kama watu wa mtaa waliomzingira mwizi. Kumbe mwili haukai kungoja dawa. Una askari wake, tena askari wenyewe wana midomo, humla adui wakammaliza. Mwaka 1883 mtaalamu mmoja wa Vienna alimsaidia kuzitafutia chembe hizo jina la Kiyunani, fagosaiti, maana yake chembe mlaji. Hizo ni miongoni mwa zile tuziitazo leo chembe nyeupe.

Kupata ni jambo moja na kusadikiwa ni jingine. Mwaka 1886 alirudi Odessa kusimamia taasisi ya kuchanja watu dhidi ya kichaa cha mbwa. Madaktari wa mji walimpinga, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa daktari wa watu. Kisha, akiwa hayuko, wasaidizi wake waliwachanja kondoo dhidi ya kimeta na kondoo wengi mno wakafa. Hapo aliona hana tena pa kukaa. Mwaka 1888 alikwenda Paris kwa Louis Pasteur, ambaye alimpa nafasi katika taasisi yake mpya. Alikaa hapo miaka 28, mpaka kufa.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wataalamu wa Ujerumani. Wao walisema kinga ya mtu imo katika maji ya damu, si katika chembe. Nao hawakuwa wakisema uongo, kwani mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa huweza kumkinga mwingine. Kwa miaka 20 pande mbili zilishindana kama watu wa mitaa miwili katika ngoma. Mwaka 1903 Almroth Wright wa Uingereza alionyesha kwamba maji ya damu huwakoleza vijidudu, chembe mlaji zikapata hamu ya kuwala. Basi wote walikuwa na haki, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya Tiba walipewa wawili kwa pamoja: Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, aliyetetea upande wa maji ya damu.

MAZIWA YA WABULGARIA

Hapo angeweza kupumzika. Lakini bwana huyu alikuwa akizeeka, na uzee ulimkera. Alijiuliza kwa nini watu hufa kabla ya kushiba maisha. Jibu lake lilikuwa tumbo. Alisema utumbo mpana umejaa vijidudu viozeshavyo mabaki ya chakula, na kwamba sumu yake huingia katika damu ikamchakaza mtu. Ikiwa ni hivyo, basi dawa ni kuvifukuza vijidudu vibaya kwa vijidudu vizuri, kama mtu afukuzaye paka wezi kwa kufuga mbwa.

Vizuri ni vipi? Alijua kwamba maziwa yaliyochachuka hayaozi upesi, kwa kuwa vijidudu vyake hutoa asidi ambayo viozeshaji haviipendi. Tena alisikia kwamba huko Bulgaria, kwenye wakulima wanaokula mtindi kila siku, wapo wazee wengi waliopindukia miaka 100. Mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, Stamen Grigorov, alikipata kijidudu kinachochachua mtindi wa kwao. Metchnikoff alikipokea kwa furaha. Alianza kunywa maziwa machachu kila siku, na chakula kibichi alikiepuka kabisa.

Alitoa mhadhara mjini Paris mwaka 1904, na mwaka 1907 akatoa kitabu juu ya kurefusha maisha. Magazeti yalishika habari hiyo yakaikuza. Maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani yalijaa vidonge na chupa za maziwa machachu, wengine wakiuza hata kisichokuwa na kijidudu hai kimoja. Wapasuaji wengine, hasa mmoja mashuhuri wa London, Arbuthnot Lane, walifika hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana wakidhani ni mzigo usio na kazi.

Mwaka 1911 Metchnikoff alisafiri na wenzake hadi nyika za Wakalmuki, karibu na Bahari ya Kaspi. Wakalmuki wa zama zile walikuwa wafugaji wa kuhamahama kama Waborana, wenye mahema, farasi na ngamia, na maziwa ya kuchachusha. Hakufuata maziwa safari hiyo. Alifuata kifua kikuu, ugonjwa uliomwua mkewe wa kwanza. Alikuta kwamba nyikani ugonjwa huo ulikuwa nadra, lakini vijana waliokwenda kusoma mijini ulikuwa ukiwafyeka. Akahitimisha kwamba watu wa mijini hukutana na vijidudu hafifu tangu utotoni, miili yao ikajifunza, na wa nyikani hawakupata mafunzo hayo. Wazo hili, kwamba kinga hufundishwa kwa kukutana na vijidudu, ndilo ninaloliona kubwa kuliko mtindi wake wote.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, maabara ilibaki tupu, vijana wake wakaenda vitani. Moyo wake, uliokuwa mbovu tangu zamani, ulichoka. Alifariki Julai 1916 katika Taasisi ya Pasteur, akiwa na miaka 71. Waliomcheka walisema maziwa hayakumfikisha 100. Yeye alikuwa ameona kuwa katika ukoo wao wenye moyo kama wake wengi hawakufika hata hapo. Majivu yake yamewekwa katika maktaba ya taasisi hiyo mpaka leo.

ALIPOPATA NA ALIPOKOSEA

Mwanadamu hapewi yote. Metchnikoff alikosea kuudhania utumbo mpana kuwa jaa. Alikosea vilevile kuhusu kijidudu cha Kibulgaria: mwanzoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wa chuo cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba hakikai tumboni mwa mtu, hupita kama msafiri apitaye stesheni. Hata wale wazee wa Bulgaria hawakuwa ushahidi wa kutosha, kwani umri wa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa ni jambo la kusadiki tu.

Lakini swali lake lilikuwa sahihi. Katika taasisi ile ile, Henri Tissier alikuwa amekwisha kuona, mwaka 1899, kijidudu kinachojaa tumboni mwa watoto wachanga wanyonyao, kijidudu kiitwacho leo bifidobakteria. Mwaka 1930 Mjapani Minoru Shirota alipata kijidudu kingine ambacho miaka mitano baadaye kilikuwa kikiuzwa ndani ya maziwa. Mwaka 2001 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yaliweka maana ya neno probiotiki: vijidudu hai ambavyo mtu akipewa kwa kipimo cha kutosha humletea faida ya afya. Angalieni masharti hayo: viwe hai, vitoshe, na faida ionekane. Kisichotimiza hayo ni kinywaji tu.

Na walinzi je? Hapa ndipo elimu ya leo inapomrudia Metchnikoff wa Messina na Metchnikoff wa mtindi ikawaunganisha, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuwaunganisha barabara. Mwili wa mtu mzima una vijidudu vipatavyo trilioni 38 kwa makadirio ya mwaka 2016, karibu sawa na chembe zake mwenyewe, na vilivyo vingi vimo katika utumbo mpana. Kati yavyo na damu yetu kuna ukuta mwembamba wa chembe za safu moja tu. Nyuma ya ukuta huo ndipo penye kambi kubwa kuliko zote za askari wa mwili.

Fikiria bandari, msomaji. Wenyeji wa mtaa wa bandari hukaa katika nyumba zote, mhuni atokaye nje asipate pa kulala. Hiyo ni kazi ya kwanza ya vijidudu vyema: hushika nafasi na chakula, hutoa asidi, adui akashindwa kutua. Kazi ya pili ni kulisha ukuta. Tunapokula mtama, kunde, mboga na matunda, makapi tusiyoweza kuyasaga huvifikia vijidudu huko chini, navyo huyageuza kuwa asidi nyepesi za mafuta. Asidi hizo ni chakula cha ukuta wenyewe, na vilevile ni ujumbe kwa askari: tulieni, hapa pana amani. Kazi ya tatu ni kufundisha. Chembe maalumu huchungulia bandarini, zikachukua alama za wapitao na kuzipeleka kambini, askari wakajifunza yupi mwenyeji na yupi adui, wakaunda kingamwili za kumwagwa utumboni kama nyavu. Wanyama waliolelewa maabarani bila kijidudu hata kimoja huwa na kambi ndogo na askari wasiokomaa. Mlinzi asiyefundishwa ana hatari mbili: hulala adui akipita, au humpiga mwenye nyumba.

Mafunzo hayo huanza kwa titi la mama. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa kwa ajili ya bifidobakteria. Mama anaponyonyesha hulisha wawili kwa pamoja.

Ushahidi uko karibu nasi. Katika kaunti ya Kwale, pwani ya kusini, watoto wa miezi 6 walitiliwa unga wenye madini ya chuma katika uji ili kuzuia upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba chuma hicho kiliwanenepesha pia vijidudu waharibifu, na utumbo wa watoto ukaingiwa na uvimbe. Uchunguzi wa baadaye, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wakiongezewa aina ya sukari inayolisha bifidobakteria, madhara hayo hupungua. Mwaka huo huo wa 2017 zilitoka habari za Odisha, India, ambako watoto wachanga zaidi ya 4,500 waligawanywa makundi mawili, na waliopewa kijidudu kiitwacho Lactobacillus plantarum pamoja na chakula chake kwa siku 7 walipungukiwa na maradhi ya sumu ya damu na vifo kwa kiasi cha asilimia 40.

Lakini tusilie ngoma kabla ya arusi. Mjini Mwanza, tangu mwaka 2004, akina mama walianza kutengeneza mtindi wenye kijidudu teule kwa msaada wa chuo kikuu kimoja cha Kanada. Uchunguzi wa kwanza kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ulionyesha kuwa askari wa damu waliongezeka kwa wanywaji. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2011 na kupangwa kwa uangalifu zaidi, haukuona tofauti hiyo. Mwaka 2018 chunguzi mbili kubwa za Marekani na Kanada ziliona kuwa vijidudu vya aina hii havikuwaponesha upesi watoto waliokuwa wakiharisha. Kijidudu kimoja si dawa ya kila kitu, wala kinachofaa Odisha si lazima kifae Sericho.

TURUDI SERICHO

Basi mzee yule alisema kweli au alisema hadithi? Mwaka 2005 wataalamu wa Kenya walichapisha majina ya vijidudu walivyovikuta katika suusac, na mojawapo ya vilivyojitokeza zaidi ni Lactobacillus plantarum, jina lile lile la kijidudu cha Odisha. Si kwamba ni kimoja; ni ndugu wa jina moja, na ndugu hutofautiana tabia. Ila yatosha kutuonyesha kwamba kibuyu kilichofukizwa si ujinga wa watu wa nyikani.

Upande wa pili nao usemwe. Mwaka 2012 watafiti wa Uswisi na wenzao wa hapa walieleza kwamba katika suusac kimo kwa wingi pia Streptococcus infantarius, kijidudu chenye jamaa wanaohusishwa na maradhi ya moyo na ya utumbo. Tena maziwa mabichi ya ngamia na ng'ombe yaweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, na uchachu peke yake si wa kutegemewa kuuondoa. Njia ya busara wanayoifundisha wataalamu ni kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia mbegu safi ya maziwa lala katika chombo safi. Hivyo adui huuawa kwanza, na mgeni mwema akakaribishwa baadaye. Bwana Metchnikoff, ambaye hakula hata tunda bila kulipitisha katika maji ya moto, angekubali.

Lakini jambo linaloniuma si hilo. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na mifugo ikafa njiani. Nyumba iliyokuwa na maziwa ya kumpa mgeni ikawa haina ya kumpa mtoto. Mahali pa kibuyu palishikwa na chai kavu yenye sukari na unga wa msaada. Twahesabu ng'ombe waliokufa na ngamia waliokufa. Nani atahesabu wenyeji wadogo waliohama matumboni mwa watoto, na askari waliobaki bila mwalimu? Na binti aliyekulia katika miaka hiyo bila maziwa, atajifunza kwa nani mti wa kufukizia na siku za kungoja?

Metchnikoff alizunguka Ulaya nzima akitafuta kwa hadubini kile ambacho akina mama wa nyika walikuwa wakikishika mikononi. Wao hawakujua jina lake. Yeye hakujua mkono wao. Kila upande ulikuwa na nusu. Ikiwa wataalamu wetu na akina mama wa Sericho watakaa mkeka mmoja, mwenye hadubini akaheshimu kibuyu na mwenye kibuyu akakubali sufuria ya kuchemshia, huenda mtoto wa Waso akapata yote mawili: maziwa ya bibi yake na usalama wa zama zake.

Na mvua zikinyesha, ngamia wakizaa, mgeni ataletewa tena kikombe chake. Asikunje uso. Ndani yake mna walimu.